CHOMBO CHA FEDHA KIKIFILISIKA: YAPASAYO KUJULIKANA NA VYAMA

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Tarehe 4 Januari, 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano zilizopungukiwa mtaji na ukwasi. Mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, yenye makao yake Bukoba, katika mkoa unaopakana na wetu. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Jambo hilo latuhusu sisi wa Kasulu na Kibondo, kwa maana fedha za mazao hulala benki kabla hazijamfikia mkulima.

Kila benki huchangia katika mfuko wa bima ya amana. Benki ikifungwa, mfuko huo humlipa kila mwenye amana hadi kiwango kilichowekwa. Mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa Sh. 1,500,000, baadaye kilipandishwa hadi Sh. 7,500,000. Mwenye akaunti mbili katika benki ile ile hujumlishiwa zote, na deni analodaiwa na benki hiyo hukatwa kwanza.

Tuchukue mfano. Chama chenye wakulima 200 kimeweka benki Sh. 40,000,000 za mauzo, yaani wastani wa Sh. 200,000 kwa kila mkulima. Mbele ya sheria chama ni mtu mmoja. Benki ikifungwa, chama kitapata Sh. 7,500,000, Sh. 32,500,000 zilizosalia zitabaki kuwa dai kwa mfilisi. Lakini kama fedha hizo zingekwisha kugawiwa wakulima, na kila mmoja akaweka zake kwa jina lake, wote wangelipwa kamili. Basi kuchelewesha malipo ya wakulima si usumbufu tu, bali ni kuziweka fedha zao hatarini.

Mfilisi hukusanya mali, huuza, kisha hulipa kwa utaratibu wa sheria. Mdai mwenye dhamana hutegemea dhamana yake. Wenye hisa huwa wa mwisho kabisa, na mara nyingi hawaambulii kitu. Kwa hiyo chama kilichonunua hisa katika benki kisizihesabu hisa hizo kuwa ni akiba. Na aliyekopa asidhani kwamba deni limekufa pamoja na benki: atalilipa kwa mfilisi.

Ikumbukwe pia kwamba akiba zilizomo katika SACCOS hazimo katika kinga ya Bodi hiyo. Kinga yake ni vitabu safi, ukaguzi wa kila mwaka na wanachama wanaohudhuria mkutano mkuu.

Kwa upande wa kampuni za bima, majirani zetu wa Kenya wametuachia funzo. Mwezi Julai, 2005, kampuni ya United Insurance, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya meneja wa kisheria. Kampuni inapokwama hivyo, wajibu wa mwenye gari kwa mtu aliyejeruhiwa haufutiki. Huenda akadaiwa yeye mwenyewe. Chama chenye lori au ghala lililokatiwa bima kifanye yafuatayo mara kisikiapo habari za namna hiyo:

(a) Kithibitishe habari hizo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), wala kisitegemee uvumi wa sokoni.

(b) Kikate bima nyingine katika kampuni yenye leseni, gari lisitembee bila kinga.

(c) Kiwasilishe kila dai kwa maandishi kwa mfilisi, kabla ya tarehe iliyotangazwa, na kubaki na nakala.

(d) Kitunze hati ya bima na stakabadhi za malipo yote.

Kwa amana za benki, Katibu awe na taarifa ya akaunti ya karibuni, hati ya usajili wa chama, na muhtasari wa kikao uliowateua watia sahihi. Katika ukaguzi nimeona vyama ambavyo watia sahihi wake walikwisha hama kijiji miaka mingi, na hakuna muhtasari uliowateua wengine. Chama cha namna hiyo kitapata taabu kudai hata kile kiwango cha bima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Kamati na itazame jambo hili katika kikao chake kijacho: fedha zetu zi wapi, kiasi gani, kwa jina la nani, na lini zitamfikia mkulima?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika