Kawawa kabla ya siasa: karani aliyeigiza mtu wa shamba

Rashidi Mfaume Kawawa anakumbukwa kama waziri mkuu na "Simba wa Vita". Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata hivyo, alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kuigiza mhusika mkuu katika filamu ya Kiswahili. Uigizaji wake ulidumu miaka michache tu, lakini mhusika wake, mtu wa shamba anayeingia mjini na kulaghaiwa, hajatoka kwenye sinema na vichekesho vya Tanzania.

Kawawa alizaliwa Mei 27, 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea. Baada ya kumaliza masomo Tabora aliajiriwa serikalini kama karani, kisha akaingia katika kazi za maendeleo ya jamii: kisomo cha watu wazima na sinema za gari. Gari la sinema lilifika kijijini na jenereta, projekta na kitambaa cheupe. Giza likiingia, watu walikusanyika uwanjani.

Filamu za kuwaelimisha Waafrika zilikuwa zimejaribiwa nchini mapema zaidi. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulipiga filamu fupi kwa kutumia wenyeji kama waigizaji. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri iliyopigwa kando. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu ndefu zaidi, za Kiswahili, zenye hadithi. Miongoni mwake zilikuwamo Chalo Amerudi na Muhogo Mchungu, na katika hii ya pili Kawawa ndiye aliyeigiza mhusika mkuu, mtu wa shamba anayelaghaiwa mjini.

Kwa watu wa Kibaha na Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, mhusika wa aina hiyo hakuhitaji kuelezwa. Kisarawe ilikuwa makao ya wilaya ya Uzaramo, na barabara za Pugu na Morogoro ndizo zilizowafikisha wakulima wake sokoni Dar es Salaam. Mtu aliyeshuka mjini na muhogo, mkaa au korosho, akauza na kuzifunga pesa kwenye pindo la shuka, alikuwa windo la kila tapeli mwenye maneno matamu. Filamu iliwachekesha watazamaji kwa jambo walilolijua, huku ikiwapa onyo ambalo serikali ililitaka: mji una hila zake.

Hata hivyo, Kawawa hakubaki kwenye sinema. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali. Januari 22, 1962 alimrithi Nyerere kama waziri mkuu wa Tanganyika. Alishika tena uwaziri mkuu, sasa wa Tanzania, kuanzia 1972 hadi 1977.

Katika kipindi hicho cha pili mhusika yule alirudi. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa 1968, ilitoa Fimbo ya Mnyonge mwaka 1976: kijana wa kijijini anakwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, anashindwa, kisha anapata makao katika kijiji cha ujamaa. Onyo la mkoloni lilikuwa limegeuzwa kuwa wito wa taifa.

Kanda za video na televisheni za miaka ya 1990 zilimwondolea mhusika huyo mzigo wa kuhubiri. Mwigizaji Abdallah Mkumbila alijulikana kwa jina lilelile la Muhogo Mchungu. Mzee Small, aliyefariki 2014, na King Majuto, aliyefariki Agosti 8, 2018, waliigiza wazee wabishi ambao mara nyingi ndio wanaowazidi ujanja watu wa mjini.

Kawawa mwenyewe alifariki Desemba 31, 2009, akiwa na umri wa miaka 83.