Hisa zisizo na kamisheni: Nani hulipa gharama?

KWA miaka mingi, mwananchi wa Marekani mwenye akiba ndogo hakuona sababu ya kubisha hodi kwa dalali wa hisa. Madalali wengi walitoza kati ya Dola 5 na Dola 10 kwa kila muamala. Aliyenunua hisa za Dola 50 na kulipa kamisheni ya Dola 7 alikuwa amepoteza asilimia 14 siku ya kwanza, na alitozwa tena siku ya kuuza.

Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2015, wakati programu ya simu ya Robinhood, iliyoanzishwa na Vladimir Tenev na Baiju Bhatt, ilipofunguliwa kwa umma bila kamisheni. Oktoba 2019 madalali wakongwe, akiwamo Charles Schwab, nao walifuta kamisheni kwa hisa zinazonunuliwa mtandaoni. Desemba mwaka huo, Robinhood ilitangaza kuwa wateja wataweza kununua hata kipande cha hisa, kuanzia Dola 1.

Hiyo ni faida ya kweli kwa anayeanza. Dola 50 zake zinaweza kugawanywa katika kampuni kadhaa badala ya kutegemea moja.

Hata hivyo, huduma asiyoilipia mteja hulipiwa kwa njia nyingine. Sehemu ya mapato ya Robinhood hutoka kwa kampuni kubwa za biashara ya hisa, zinazoilipa ili zipelekewe oda za wateja. Kampuni hizo hupata faida katika tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Mteja akinunua kwa Dola 20.02 hisa ambayo angeipata kwa Dola 20.00, kwa hisa 100 amelipa Dola 2 ambazo hazionekani kama ada.

Desemba 2020, SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, iliitoza Robinhood Dola milioni 65 kwa kuwapotosha wateja kuhusu chanzo hicho cha mapato. Kwa mujibu wa tume hiyo, bei duni ziliwakosesha wateja Dola milioni 34.1, hata baada ya kuhesabu kamisheni waliyookoa. Kampuni ililipa bila kukiri wala kukana tuhuma hizo.

Gharama nyingine hutokana na urahisi wenyewe. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani kati ya mwaka 1991 na 1996. Zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lilitoa asilimia 17.9. Gharama za miamala zilichangia sana pengo hilo. Leo kamisheni imeondoka, lakini tofauti ya bei ingali inakatwa.

Aidha, programu hiyo hutoa mkopo wa kununulia hisa, na bei zikiporomoka deni hubaki. Kinga ya SIPC, hadi Dola 500,000, humsaidia mteja iwapo dalali atafilisika. Haifidii hasara ya soko.

Kwa hiyo, anayenufaika zaidi ni yule anayenunua mara chache, kwa fedha zake mwenyewe, na kuzishika hisa kwa miaka. Anayenunua na kuuza kila siku ndiye anayeigharimia huduma inayoitwa ya bure.