Vijidudu vya Utumbo na Muhogo Mchungu

Neno «vijidudu» humwelekeza msikilizaji kwenye maradhi, kana kwamba viumbe hivyo havina kazi nyingine. Utumbo mpana wa binadamu hubeba bakteria kwa matrilioni, na bila wao nyuzinyuzi nyingi za mboga, maharage na nafaka zingetoka mwilini bila faida, kwa kuwa mwili wenyewe hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Bakteria huzichachusha na kuzigeuza asidi nyepesi. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Lakini bakteria hao hawabagui baina ya chenye manufaa na chenye sumu. Muhogo mchungu una linamarini, yaani sukari iliyofungamana na sianidi. Vimeng'enya vya binadamu haviifungui kwa urahisi. Baadhi ya bakteria wa utumboni huifungua, na sumu ikaingia damuni. Mwili huipunguza makali kwa salfa itokayo katika protini, akiba ambayo anayekula mihogo mitupu hana.

Ndipo huzuka konzo, kupooza miguu kwa ghafula kusikopona, ambako daktari Trolli alikueleza mwaka 1938 katika Kwango. Jina ni la Kiyaka, nalo lamaanisha miguu iliyofungwa. Waathiriwa wengi ni watoto na wanawake.

Kinga yajulikana tangu kale: kuloweka mihogo siku tatu. Humo majini pia wanaofanya kazi ni bakteria, ila sumu huishia nje ya mwili. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1992 ulionyesha kwamba katika Bandundu barabara mpya ya lami iendayo Kinshasa ilikuza biashara ya mihogo, na watu wakafupisha kuloweka hadi siku moja. Soko lilitaka haraka. Bakteria wakanyimwa muda wao.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya kupima choo cha watu 180 wa Kongo, kutoka Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba. Bakteria walitofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, na Kahemba, ambako konzo imeenea, baadhi ya wale wawezao kuifungua linamarini walionekana kwa wingi zaidi. Hayo si ushahidi kwamba bakteria pekee ndio walio chanzo. Mlo duni na sumu ya muhogo vyabaki mbele. Hata hivyo yaweza kusaidia kueleza kwa nini ndugu wawili hula sinia moja, mmoja akapooza, mwenziwe akaendelea kutembea.