Chuma kinapozidi mwilini

Mtu akichoka siku zote tunasema mbio: "Damu imepungua." Tunamununulia vidonge vya damu sokoni na anaanza kunywa pasipo kupimwa. Mara mingi ni kweli, damu imepungua. Lakini wako watu wanaochoka kwa sababu chuma kimewazidi. Kwao vidonge vile vinaongeza ugonjwa.

Damu inahitaji chuma ili ibebe hewa. Mtu mzima mwenye afya iko na gramu 3 ao 4 tu katika mwili wote, na kila siku anapokea katika chakula miligramu 1 ao 2. Kwa nini kidogo hivi? Ni kwa sababu mwili hauna njia ya kutosha chuma kilichozidi. Mkojo hauwezi, jasho haliwezi. Kwa hiyo mwili unalinda sana mlango wa kuingilia.

Wengine wanazaliwa na mlango usiofungwa vizuri. Waganga wanaita ugonjwa huu hemokromatozi. Katika Ulaya ya kaskazini ni wengi wanaourithi, kwa baba na kwa mama pamoja, hata kama wazazi wenyewe ni wazima. Usiseme ni ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka wa 1929 munganga Strachan aliandika juu ya maini ya Waafrika yaliyojaa chuma, aliyoyaona Johannesburg. Kisha ikaonekana kwamba wengi walikunywa pombe ya nyumbani iliyopikwa katika vyungu na mapipa ya chuma. Pombe inapochacha inakula chuma cha pipa. Lakini wenye kunywa pombe moja hawakugonjwa wote, na mwaka wa 1992 wachunguzi waliopima jamaa za kusini mwa Afrika waliona alama za urithi. (Usitafute sababu katika vumbi la mugodi, chuma hiki kinapita mdomoni.)

Chuma kinajiweka kwanza katika maini. Miaka mingi mtu hasikii kitu. Halafu, mara nyingi kisha miaka 40, maini yanafanya makovu na kuwa magumu. Tumbo linajaa maji, macho yanageuka manjano, na kansa inaweza kuingia. Wengine wanapata ugonjwa wa sukari, moyo unalegea, viungo vinauma, ao bwana anapoteza nguvu za ndoa na kuficha. Wanawake wanachelewa kugonjwa, maana damu ya kila mwezi na ya uzazi inatosha chuma.

Sasa unafahamu hatari. Baba mkubwa alikufa na tumbo la maji, leo ni mdogo wake, na jamaa wanakaa kutafuta mulozi. Bibi mzee anafukuzwa nyumbani bure! Wapeleke ndugu na dada wote wa mgonjwa lopitali. Ombeni labo ipime feritini, na transferini kama wanaweza. Homa pia inapandisha feritini, basi munganga ndiye asome matokeo. Apime vilevile hepatiti B, kwani nayo inaharibu maini ya watu wengi wa nyumba moja.

Dawa yake itakushangaza: ni kutosha damu. Lopitali inatosha karibu nusu litre, mara nyingi kila juma mwanzoni, na kila mara miligramu 200 hadi 250 za chuma zinatoka. Wembe na chale za nyumbani si dawa hiyo. Mtu aliyejulikana mbele maini hayajakuwa magumu anaweza kuishi miaka yake sawa wengine. Pombe aiache, na pipa la chuma lisipike tena kinywaji cha mtu yeyote.

Watoto wenye SS ni habari nyingine. Kila chupa ya damu wanayopewa inaleta chuma, lakini wao damu yao haitoshi, kwa hiyo kuna dawa za kuondosha chuma bila kutosha damu. Mzazi amuulize munganga kama mtoto amekwisha kupewa damu mara nyingi.

Na wewe mama mwenye mimba, usitupe vidonge vya chuma ulivyopewa kwenye konsultasio. Ulipimwa, na mtoto tumboni anavihitaji.