Maski mbili, kazi mbili
Ndugu wafanyakazi wa Niemba, si kila maski inafaa shimoni. Ile ya buluu ya hospitali ilitengenezwa ili mate ya muuguzi yasimwangukie mgonjwa. Kwenye mashavu inaacha nafasi, vumbi la mawe linapita. Ya vumbi inaandikwa FFP2 au N95. Alama inafuata kazi ya kitu. N95 inazuia angalau 95 kwa 100 ya chembe ndogo. Ukiona NR kando ya FFP2, ni ya zamu moja tu. Vumbi la mawe linaleta silikosi, ugonjwa wa mapafu usioponyeka, nao unafungulia kifua kikuu njia. Nyoeni ndevu, maski ikamate uso. Nanyi mama wa nyumbani, baba akitoka kwenda kazini, tazameni alama ya maski yake.