Daraja la Matadi na Reli Isiyofika

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa meli husafiri zaidi ya kilomita 1,700 pasipo kupita chini ya daraja lolote. Hata baada ya Kinshasa, mto Kongo huvukwa kwa daraja mara moja tu kabla ya kuingia baharini, nako ni Matadi. Wasemaji wa Kiswahili wa Katanga wangeliita kilalo, neno lililo jirani na ubulalo la Kibemba. Kiswahili sanifu husema daraja, neno la Kiarabu ambalo kwa asili lina maana ya ngazi au cheo. Tofauti hiyo si ndogo: kilalo humkumbusha msikilizaji gogo lililolazwa juu ya kijito, ilhali kazi iliyofanyika Matadi inastahili zaidi jina la cheo.

Matadi, katika Kikongo, ni mawe. Ndiyo asili ya Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley, ambalo baadaye lilihamia kwa serikali ya kikoloni yenyewe na kuenea hadi katika Kiswahili cha mashariki ya nchi. Mwaka 1880 Stanley alijenga kituo cha Vivi kwenye ukingo wa kulia, na huko ndiko kulikokuwa makao makuu ya Dola Huru ya Kongo hadi 1886, yalipohamishiwa Boma, ukingo uleule. Reli ya kwenda Léopoldville, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, ilianzia ukingo wa kushoto. Basi utawala ulikaa upande mmoja, na treni na bandari upande wa pili. Katikati kulikuwa na maji yaendayo kasi, na watu walivuka kwa chombo.

Meli za bahari haziwezi kupita Matadi, kwa kuwa juu yake yanaanza maporomoko. Hata kufika hapo ni shida: kati ya Boma na bahari mchanga huhamahama chini ya maji, na meli kubwa hulazimika kupunguza shehena. Kwa nchi yenye pwani ya kilomita 40 hivi, dawa iliyofikiriwa ni bandari ya kina kirefu huko Banana, pamoja na reli itakayovuka mto na kuungana na ile ya Kinshasa. Shirika la OEBK liliundwa kwa ajili hiyo, na Japani ikatoa mkopo.

Kazi ilianza 1979. Tarehe 20 Mei 1983 Mobutu alilizindua daraja, likaitwa Pont Maréchal kwa heshima ya cheo chake kipya; jina hilo halikudumu baada ya kuanguka kwake 1997. Ni daraja la kuning'inia, lenye urefu wa mita 722. Kati ya minara miwili kuna mita 520, na meli hupita chini bila kizuizi. Lilisanifiwa libebe magari na treni pia. Treni haikuja. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka, madeni yamepanda, na reli ya Banana ikaahirishwa hata kabla daraja halijakamilika.

Wako wanaolihesabu miongoni mwa fahari tupu za enzi ile. Hukumu hiyo ni nusu ya kweli. Reli nyembamba ya Boma hadi Tshela ilifungwa 1984, na tangu hapo mazao ya Mayumbe yaliyokusudiwa Kinshasa yalitegemea barabara, yaani daraja. Agosti 1998 waasi na askari wa Rwanda walioshushwa kwa ndege Kitona walifuata barabara hiyohiyo hadi Matadi. Walipoiteka Inga pia, Kinshasa ikakosa umeme. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba, katika miaka hiyo yote ya uporaji na vita, mafundi Wakongo wa OEBK waliendelea kulikagua na kulipaka rangi, kwa msaada wa ushuru unaotozwa magari. Chuma kisichopakwa rangi kwenye unyevu wa bonde lile hakidumu.

Januari 2022 jiwe la msingi la bandari ya Banana liliwekwa, karibu miaka 39 baada ya daraja kufunguliwa. Upande wa Matadi, nafasi ya reli ingali imetengwa.