Kolera Ikiingia Mtaani, Aitwe Nani Kwanza?



Kolera ikitokea mtaani, swali la kwanza huwa: "Nani ameileta?" Kidole kinawaelekea waliofika jana, wale waliokimbia vita au njaa. Nao wakiona hivyo wanaficha mgonjwa wao. Mgonjwa wa kolera akifichwa anaweza kufa kwa saa chache, na uchafu wake ukifika kisimani, wenyeji na wageni wote wanakunywa ugonjwa.

Ubaya wa kidole hicho tunaujua hapa kwetu. Katika 1992 na 1993, maelfu ya ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni na mashuleni wakingoja treni. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa hata kabla ya kuondoka.

Basi shefu wa kartiye aite nani? Kila eneo la afya, iwe katika zoni ya Dilala au ya Manika, lina kituo chake na muuguzi wake mkuu, lina kamati ya afya (ndiyo ile CODESA), na lina wajitolea tunaowaita rele. Rele hupita nyumba kwa nyumba. Ndiye anayesikia mapema kwamba watu wawili wa ua mmoja wanahara maji matupu. Lakini rele asiyejua lugha ya wageni, au anayewadharau, hasikii kitu. Kwa hiyo mchagueni mama au kijana kati ya waliohama awe rele, na mwenzake akae ndani ya kamati. Hiyo si sadaka. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya; kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au ya mahali mtu anapoishi.

Msiseme timu itatoka Kinshasa. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, iliua zaidi ya watu 2,200, na palipokuwa na shaka nyingi timu za afya zilishambuliwa. Kikwit, katika 1995, wajitolea wa Msalaba Mwekundu wa palepale ndio waliozika maiti.

Mgonjwa akionekana, msingoje motokaa. Litri moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo njia nzima mpaka kituoni. Rele amwulize alichota maji wapi, akamwambie muuguzi siku hiyohiyo.